Windows XP ndo iliyonifundisha ufundi wa kompyuta

Vijana wengi wanaoingia kwenye ufundi wa kompyuta sahizi wanaanzia moja kwa moja na Windows 10 au 11, ukiwatajia XP wanaona ni habari za kale. Mi nataka niwaachie kitu kimoja nilichokipata kwa miaka ya kukaa na hiyo XP mezani pale Mwenge, Dar, tukihudumia mastesheneri, intaneti kafe na ofisi ndogo ndogo. Kila mfumo endeshi, yani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta kama hizo Windows, una mtu ambaye waliouunda walikuwa wanamuwaza. Wamemuwaza anaishi wapi, kompyuta anaitumia peke yake au na watu hamsini, intaneti yake ikoje, umeme wake ukoje. Ukishamjua huyo mtu, matatizo mengi ya mteja wako unayajua hata kabla hujafungua kava. Na mtu aliyewazwa kwenye XP aliishi mbali sana na dada mwenye stesheneri ya Mwenge.

Nianze na ilikotoka, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Miaka ya 90 Microsoft walikuwa na koo mbili za Windows. Kuna ule wa nyumbani, Windows 95, 98 na Me ya mwaka 2000, ambao chini kabisa bado uliegemea DOS, ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, ulikuwa mwepesi, unapokea gemu na programu za kila aina, ila programu moja ikichanganyikiwa inaweza kuiangusha mashine nzima. Alafu kuna NT, ambayo ilianza kujengwa 1988 na timu ya Dave Cutler, huyu alitoka kampuni ya DEC ambako alishafanya kazi kwenye mfumo wa VMS, na toleo la kwanza, NT 3.1, likatoka Julai 1993. NT iliwaza ofisi na seva: kila programu inapewa eneo lake la memori haigusi la mwenzake, watumiaji wana akaunti na ruhusa zao, diski inapangwa kwa NTFS na siyo FAT, hizo ni njia mbili za kupanga mafaili kwenye diski. Ilikuwa nzito, inakula ramu, draiva (programu za kuiwezesha itumie vifaa kama printa) chache, ndo maana majumbani haikuingia. Ikaja Windows 2000 ambayo nayo ni NT ya ofisini, kisha wakaamua koo zote mbili ziwe moja, mradi wakauita Whistler, na tarehe 25 Oktoba 2001 ukaingia sokoni kwa jina la Windows XP. Kwa ndani namba yake ni NT 5.1. Yani kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida nyumbani anapewa kile kiini cha ofisini, ila kimevalishwa nguo za nyumbani: ule mstari wa bluu chini, kitufe cha Start cha kijani, na ile picha ya kilima cha majani mabichi ambayo Charles O'Rear aliipiga California mwaka 1996 na dunia nzima tunaijua.

Mahitaji yake yalikuwa madogo. Prosesa ya 233 MHz, ramu ya chini kabisa 64 MB japo wenyewe walishauri 128, diski nafasi ya GB 1.5. Hapo ndo siri ya XP kukaa sana huku kwetu, kwa sababu mashine zetu zilikuwa mtumba, Pentium III na Pentium 4 zilizostaafishwa kwenye maofisi ya Ulaya, zinapita Dubai zinaishia Kariakoo, ukiweka ramu 256 hapo XP inakimbia mpaka raha.

Sasa tuje kwenye umeme. Waliokuwepo wanakumbuka mgao wa 2006, na hata nje ya mgao umeme ulikuwa unakata tu, unarudi, unakata tena. Kwenye 98 umeme ukikata, ukiwasha unakutana na ile skrini ya bluu ya ScanDisk inakagua diski taratibu, na mara nyingine unatoka hapo na mafaili yaliyovunjika vipande. XP ikiwa kwenye NTFS ilikuwa na afadhali kubwa, kwa sababu NTFS kabla haijabadilisha mpangilio wa diski inaandika kwanza kwenye daftari lake kwamba nataka kufanya hivi na hivi, umeme ukikata katikati, ikiwaka inasoma daftari, inamalizia au inafuta ile kazi iliyoishia njiani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa kwa mteja aliyeletewa mashine ya XP ilikuwa ni kuangalia kama diski iko FAT32, maana XP ilikubali zote mbili, na kama iko FAT32 tunaigeuza kwa amri ya convert bila kupoteza kitu.

Lakini lile daftari linalinda mpangilio wa diski, yaliyomo ndani ya faili hayapo kwenye ulinzi wake. Ndo hapo inakuja ile asubuhi mteja anawasha anakutana na skrini nyeusi maandishi meupe yanasema faili la \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM halipo au limeharibika. Hili faili ni sehemu ya rejista, ambako Windows inaweka mipangilio yake yote, draiva gani iwake, huduma gani ianze, na umeme ukikata wakati linaandikwa linaweza kubaki bovu. Mafundi wengi wa mtaani jibu lao lilikuwa moja, piga window upya. Fomati, weka sidii, saa moja baadaye mashine inawaka iko safi haina kitu, na mteja anauliza kazi zangu ziko wapi. Na mitihani ya shule, barua za kanisa, orodha za vikoba, vyote vilikuwa humo humo C ndani ya Documents and Settings.

Kaka aliyenipokea kazini ndo alinionyesha njia nyingine, na nilivyoiona ndo nikaanza kuelewa kwamba mfumo endeshi ni kitu kilichopangwa, siyo uchawi. Unaingiza sidii ya XP, badala ya kuendelea na kuweka upya unabonyeza R unaingia kwenye Recovery Console, skrini nyeusi tu ya kuandika amri. Unaenda kwenye folda la config, lile faili bovu unalipa jina lingine usilifute, alafu unakopi SYSTEM nyingine kutoka C:\WINDOWS\repair, ambako XP yenyewe iliweka nakala siku ile ilipomaliza kuwekwa. Unarestati. Mashine inawaka, imesahau draiva na mipangilio ya karibuni, lakini imewaka na data zote zipo. Kama unataka irudi vizuri zaidi, unaingia kwenye System Volume Information, kule System Restore inakohifadhi kumbukumbu zake, unafungua folda la snapshot la tarehe ya karibuni unakuta mafaili yenye majina marefu kama _REGISTRY_MACHINE_SYSTEM, unachukua hilo unalirudisha sehemu yake. Mteja anakuta mashine yake kama alivyoiacha jana yake. Nakumbuka mwalimu mmoja mzee, alikuwa amekuja na bahasha mkononi ya kuandika upya mitihani yote kwa mkono, nikamwambia shikamoo mwalimu, kaa hapa uone, akaona folda lake la Form Three likifunguka, akakaa kimya kidogo kisha akasema "sasa mwanangu hiki kitu kwa nini hawatufundishi?" Swali zuri sana lile.

Toka hapo kila mashine niliyoweka XP niliikata diski mara mbili, C ya Windows na D ya kazi, alafu naklik kulia My Documents naihamishia D. XP inaruhusu kabisa, ipo hapo kwenye Properties, ila haikuja imepangwa hivo kwa sababu mtu aliyewazwa alikuwa na umeme usiokata na sidii zake za kubakapu.

Kitu kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni flashi. Hapa nikae kidogo maana miaka kama mitano hivi ndo ilikuwa kazi yetu kubwa.

Toka Windows 95 kulikuwa na kitu kinaitwa autorun. Wazo lake lilikuwa la kumsaidia mtu, unaweka sidii ya gemu au ya kamusi, Windows inatafuta faili dogo la maandishi linaitwa autorun.inf, linasema endesha programu fulani, basi inaanza yenyewe, mtu hahangaiki. Kwa sidii ni sawa, sidii imetoka kiwandani haiandikwi juu yake. XP ikalirithi hilo. Flashi zilipoingia, utaratibu ule ule ukazifuata, ukibonyeza mara mbili alama ya flashi pale My Computer, Windows inasoma autorun.inf na kutii kilichoandikwa. Sasa fikiria stesheneri karibu na chuo. Kompyuta mbili tatu, printa moja, fotokopi moja, na foleni ya wanafunzi kila mmoja na flashi yake shingoni, anachomeka, anaprinti kurasa nne, anaondoka, anachomeka mwingine. Siku nzima. Kirusi kikiingia na flashi moja asubuhi, mpaka jioni kimeondoka na kila flashi iliyopita hapo, na kesho kimeshafika hosteli zote. Mtu wa nyumbani aliyewazwa kwenye XP alikuwa na kompyuta yake, flashi yake, labda na ya mwanae. Stesheneri haikuwepo kwenye mawazo ya mtu.

Na virusi vya kipindi kile vilikuwa vinaijua XP vizuri sana. XP ilikuja ikiwa imeficha vitu viwili: mafaili yenye alama ya hidden na system haiyaonyeshi, na herufi za mwisho za jina la faili, ile .doc au .exe, nazo haionyeshi, kwa nia nzuri tu ya kutomchanganya mtumiaji. Kirusi kikichukua flashi yako, folda lako la Assignment kinalibandika hidden na system, linapotea machoni, alafu kinatengeneza faili linaitwa Assignment.exe na kulipa picha ya folda la njano. Wewe unaona Assignment, la njano kama kawaida, unabonyeza, kirusi kinaendeshwa na kwa kukuzuga kinakufungulia na folda lako la kweli, kwa hiyo huna sababu hata ya kushtuka.

Siku kinapokosea ndo watu wanakuja wanalia. Dada wa stesheneri mmoja tuliyekuwa tunamhudumia alinipigia simu, "Fundi njoo haraka, kuna mtoto wa watu hapa flashi yake inasema imejaa lakini ndani hamna kitu, na tasnifu yake anatakiwa kuikabidhi leo." Nikamwambia dada mwambie asiifomati, asiiguse kabisa, kazi zake zipo. Nilivyofika nikafungua ile dirisha nyeusi ya cmd, nikaandika herufi ya flashi, kisha attrib -h -s -r /s /d, nikabonyeza Enter. Inakaa kimya sekunde kadhaa, taa ya flashi inawaka inazima. Alafu kwenye dirisha la pembeni mafolda yanaanza kutokea moja moja, Chapter 1, Chapter 2, Data, Picha za harusi ya dada. Yule binti alishika mdomo. Nikamwonyesha na yale mafaili mengine yenye majina hayo hayo, kila moja na uzito ule ule mdogo sawasawa, nikamwambia dada hizi ndo zenyewe, folda halina uzito hapa, folda la kweli kwenye kolamu ya Type haliwi Application.

Hiyo sentensi ndo ikawa somo langu kubwa kwenye mastesheneri yote. Nilikuwa nikifika naweka mambo manne. Nazima autorun kwenye diski zote kupitia gpedit, kile chombo cha Windows cha kubadilisha sera zake, na kama ni XP Home ambayo haina gpedit naenda kwenye rejista naweka NoDriveTypeAutoRun iwe FF. Naondoa ile tiki inayoficha herufi za mwisho za majina. Naweka mwonekano wa mafolda uwe Details ili ile kolamu ya Type ionekane. Na kwenye flashi zao wenyewe natengeneza folda, narudia folda, naliita autorun.inf, kwa sababu Windows haikubali faili na folda vyenye jina moja sehemu moja, kirusi cha kizembe kikija kuandika faili lake kinagonga ukuta. Hilo la mwisho ujanja wake ulikuwa na muda, virusi vya baadaye vilijua kulifuta, lakini kolamu ya Type haikuwahi kushindwa. Yule dada baada ya wiki chache alikuwa anawakagulia wanafunzi mwenyewe, anachomeka, anapitia mti wa mafolda upande wa kushoto badala ya kubonyeza mara mbili, anaangalia Type, anasema "kaka flashi yako ina mdudu, subiri nikutolee," na akaweka bei ya hiyo huduma. Hajawahi kusoma kompyuta darasani. Alielewa tu mfumo unaonyesha nini na unaficha nini.

Antivairasi zilikuwepo ndio, lakini antivairasi isiyopata apdeti ni pambo, na apdeti zilitaka intaneti. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar na Mombasa Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ghali na ya taratibu. Service Pack 2 (SP2), kifurushi kikubwa cha viraka vya XP, yani marekebisho ya kuziba matundu yake, peke yake ilikuwa na zaidi ya MB 250. Na hiyo SP2 ya Agosti 2004 ndo ilikuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu mwaka mmoja nyuma, Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilizunguka dunia kwa kuingia kupitia mtandao bila mtu kubonyeza chochote, mashine inakuletea dirisha la kuhesabu sekunde 60 alafu inazima. Kiraka chake kilishatoka Julai ila wengi hawakukiweka, na XP ilikuwa na faiwoli, mlinzi wa kuzuia wanaoingia kupitia mtandao, ndani toka siku ya kwanza ila ilikuja imezimwa. SP2 ikaiwasha. Sisi tuliibeba SP2 kwenye sidii tunaizungusha ofisi kwa ofisi, na nilikuwa simuwekei mteja XP nikaondoka bila SP2, hata akiwa na haraka namna gani.

Jambo la akaunti nilipite haraka ila ni la maana. Ule ukoo wa NT ulikuja na ulinzi wa kweli, mtumiaji wa kawaida hawezi kugusa mafaili ya mfumo. Lakini XP ikiwekwa, akaunti ya kwanza inapewa uadmini moja kwa moja na watu wakaishi humo humo, kwa sababu programu nyingi zilizoandikwa enzi za 98 zilizoea kuandika popote zikikutana na ruhusa zinagoma. Kwa stesheneri ya kutaipu na kuprinti haikuwa shida, niliwawekea akaunti ya Limited, isiyo na uadmini, kwa ajili ya wateja, na ya admini ina pasiwedi anayo mwenye duka. Virusi vilivyoingia kwenye ile Limited vingi viliishia humo humo, unafuta akaunti unatengeneza nyingine. Ulinzi ulikuwepo wote kwenye boksi, ni nani tu ameuwasha.

Na ikishindikana kabisa, Windows haiwaki hata kwenye Safe Mode, ile hali ya kuwasha vitu vya lazima tu, nilikuwa na sidii ya Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa bure wa ukoo wa Linux. Kipindi kile kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, Msauzi yule, walikuwa wanatuma sidii bure popote duniani, unajaza fomu mtandaoni, sidii zinakuja mpaka sanduku la posta, na walifanya hivo mpaka 2011. Unawasha kompyuta kutoka kwenye sidii, haiandiki chochote kwenye diski, unapata mfumo mzima unafanya kazi. Na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hapo hakina pa kushika. Unafungua diski ya mteja unaona kila kitu kiko wazi, vilivyofichwa na visivyofichwa, unahamisha kazi zake kwenye diski ya nje kwa amani. Naamini mafundi wengi wa umri wangu walikutana na Linux kwa mlango huo wa kuokoa data, kabla ya kuipenda yenyewe.

Microsoft wenyewe walikuja kulifunga hilo la autorun. Kirusi cha Conficker kilianza Novemba 2008, kikaingia kupitia tundu la mtandao na matoleo yake ya baadaye yakapanda na flashi. Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009 autorun ya flashi ilikuwa imeondolewa, na Februari 2011 wakaipeleka hiyo kwenye XP na Vista kwa njia ya apdeti. Walioungana na intaneti walipumua. Wasioungana waliendelea na sisi.

Alafu tarehe 8 Aprili 2014 XP ikakatiwa msaada, viraka vya kawaida vikaisha. Watu huku hawakuhama siku hiyo, walihama baadaye na sababu haikuwa virusi, ilikuwa brauza. Chrome iliacha kuipa XP matoleo mapya Aprili 2016, tovuti nazo zikawa zinataka usimbaji mpya (njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani) ambao brauza za zamani haziujui, na kipindi hicho hicho stesheneri ndo zimekuwa sehemu ya kuombea vyuo, mikopo ya elimu ya juu, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Mteja anakuja kuomba mkopo, ukurasa haufunguki. Dada anapoteza wateja, ananiita. Wiki moja mashine zote mbili zimeenda Windows 7 na hakuna aliyeuliza habari ya kilima cha kijani. XP ya mwisho ninayoihudumia mpaka leo iko kwa jamaa wa mabango, inaendesha mashine ya kukatia stika ambayo draiva yake haijawahi kutoka kwa Windows nyingine, haina waya wa mtandao, na flashi inayoingia pale ni moja tu ambayo haitoki dukani kwake. Ina afya njema kabisa.

Windows 10 ilipokuja Julai 2015 nikaanza kuiuliza swali lile lile, huyu wamemuwaza nani? Jibu likaja haraka: mtu mwenye intaneti isiyoisha. Wateja walikuwa wanaunga laptopu kwenye simu, bando la wiki linaisha asubuhi moja, wanasema wameibiwa na mtandao. Hakuna aliyeiba, ni apdeti zinashuka kimya kimya. Dawa ipo ndani yake, unaenda kwenye mipangilio ya ule muunganisho unaiambia kwamba hii intaneti inapimwa, metered connection, apdeti nyingi zinasubiri. Hicho ndo kitu cha kwanza nafanya kwenye laptopu yoyote ya mwanafunzi, hata kabla ya Office.

Na Windows 11 ya Oktoba 2021 imemuwaza mtu aliyenunua mashine mpya dukani. Inataka chipu ya TPM 2.0, Secure Boot, ramu GB 4, diski GB 64, na kwa Intel ianzie kizazi cha 8. Zinazokuja mtumba Kariakoo nyingi ni kizazi cha 6 na cha 7, mashine nzuri tu, zina nguvu ya kutosha kwa kazi za stesheneri miaka mingi mbele, lakini kwa mujibu wa orodha haziingii. Sababu zao za usalama ninazielewa, TPM inalinda funguo za usimbaji na Secure Boot inazuia mtu kuchomeka kitu kibaya kabla mfumo haujawaka. Ila Windows 10 imeisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025, waliojiunga na ule mpango wa nyongeza wanapata viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026, na mashine za watu zipo mezani kwangu zinasubiri uamuzi.

Ninachofanya sasa ni hivi. Kama kazi ya mashine ni brauza na kutaipu, nawasha Linux Mint, ndugu yake Ubuntu, kutoka kwenye flashi mbele ya mteja, tunajaribu printa yake na skana yake hapo hapo kabla sijagusa diski, zikikubali tunahama. Wengi zimekubali. Kinachokwamisha stesheneri ni kadi za harusi na za michango, maana hizo miaka yote zimetengenezwa kwenye Microsoft Publisher, ambayo kwenye Linux hakuna, na Microsoft wameshatangaza kwamba nayo wanaisitisha Oktoba 2026. Yule dada ana mafolda ya kadi toka enzi za XP, harusi za watu ambao sahizi wana watoto sekondari, na bado watu wanarudi kumwambia nitengenezee kama ile ya kaka yangu. Kwa hiyo jioni akifunga duka tunafungua faili moja moja wakati Publisher bado inafungua, tunaitoa PDF kwa ajili ya kumbukumbu, alafu zile zinazoulizwa sana tunazichora upya kwenye LibreOffice Draw. Tumemaliza za Send-off, sasa hivi tuko kwenye Kipaimara.